Wanyama Sasa Wametosha

Popo, nyangumi, kimulimuli, mbwa-mwitu wa kijivu: wote wana algoriti (taratibu za kompyuta za kutatua matatizo) zinazoiga tabia zao na kubeba majina yao, na kila moja inadai kutafuta suluhisho bora kuliko zilizotangulia. Mimi nimechoka nazo.

Si kwamba mbinu za kukisia kwa akili hazihitajiki. Chukua mchuuzi anayetaka kupita miji 20 na kurudi alikoanzia kwa njia fupi kuliko zote. Mizunguko inayowezekana inazidi trilioni 60,000. Kompyuta inayopima mizunguko bilioni moja kwa sekunde itaimaliza yote kwa karibu miaka miwili. Ongeza miji mitano tu, muda unaruka hadi karibu miaka milioni 10. (Zipo pia mbinu za hisabati zinazotoa jibu kamili bila kupima kila mzunguko. Mwaka 2006 zilimaliza tatizo la vituo 85,900.)

Algoriti ya kuiga maumbile ninayoikubali ni ile ya kupoza chuma taratibu, iliyotolewa na watafiti Kirkpatrick, Gelatt na Vecchi mwaka 1983. Unaanza na suluhisho lolote, unalibadilisha kidogo. Likiwa bora, unalichukua. Likiwa baya zaidi, bado unaweza kulichukua kwa bahati nasibu, na bahati hiyo hupungua kadiri "joto", yaani namba unayoipunguza hatua kwa hatua, linavyoshuka. Bila ruhusa hiyo ya kurudi nyuma, utafutaji hukwama kwenye kilima cha kwanza na kukiita mlima. Fizikia hapa si pambo: kanuni ya kukubali au kukataa ilitoka kwa mwanafizikia Metropolis na wenzake, 1953.

Sasa linganisha na algoriti iliyojinadi kuwa inaiga wanamuziki wanaotafuta upatanifu wa sauti. Mwaka 2010 mtafiti Dennis Weyland alionyesha kuwa ni sura moja tu ya mikakati ya mageuko (kubadilisha suluhisho kwa nasibu na kubakiza yaliyo bora), iliyojulikana tangu miaka ya 1960. Jina jipya, injini ileile.

Tena, tangu 1997 watafiti Wolpert na Macready walithibitisha kwamba ukijumlisha matatizo yote yanayowezekana, hakuna mbinu inayoishinda nyingine kwa wastani. Ushindi hutokana na kulijua tatizo lako. Kwa mchuuzi wetu, kata barabara mbili za mzunguko, geuza kipande cha katikati, unganisha upya. Urefu mpya unaupata kwa kutazama barabara nne tu, zile mbili zilizotoka na mbili zilizoingia, bila kujumlisha safari nzima. Hila hiyo ni ya miaka ya 1950 na haina mnyama yeyote.

Kwa hiyo nikiletewa algoriti mpya, naenda moja kwa moja kwenye jedwali la matokeo. Natafuta mstari wa utafutaji wa kawaida unaoanza upya mara nyingi kutoka sehemu za nasibu, uliopewa idadi ileile ya suluhisho za kupima na kurekebishwa kwa bidii ileile. Nisipouona, sisomi zaidi.