Imeili zimerudi zote, Usenet yangu haijarudi

Wiki iliyopita nilipeleka laptopu Arusha kupigwa Windows. Ilikuwa inaganda mno na hapa Moshi kijana ninayemwamini kasafiri, basi nikapanda Coaster asubuhi nikaiacha kwenye duka moja nikazunguka na mambo yangu. Nilimwambia yule chalii vizuri kabisa, hesabu zangu ziko hapa, picha ziko hapa, usiguse. Na kweli hakugusa. Nimefika nyumbani usiku nafungua Thunderbird, programu yangu ya barua pepe, nakuta inaniuliza jina langu nani na imeili yangu ipi, kama vile hatujawahi kuonana.

Nikampigia. Akanijibu kwa heshima tu, "Mzee wangu, si imeili tu zile? Ziko kwenye mtandao, weka paswedi utazikuta zote."

Nikaweka paswedi, imeili zikashuka zote mpaka risiti za 2014, kwa hapo alikuwa sawa. Lakini chini ya imeili, upande ule wa kushoto, kulikuwa na folda zangu nyingine, nyuzi za Usenet, yale magrupu ya zamani ya mijadala ya maandishi yanayopita seva kwa seva, za miaka kumi na kitu ambazo nilikuwa nachagua moja moja na kuzikopi kwenye folda za kompyuta yenyewe, nyingi za sci.electronics.repair, grupu la ufundi wa vifaa vya elektroniki, maana mimi mkate wangu ni benchi, nachomelea ampu, redio na TV za watu. Hizo hazina paswedi ya kuziita. Zilikuwa kwenye profaili, ile folda ya kompyuta ambamo Thunderbird inaweka vitu vyangu vyote, na profaili imefutwa pamoja na Windows ya zamani.

Bakapu sikuwa nayo ya karibuni, hilo ni kosa langu nalikubali. Na yule chalii simlaumu sana, kwa sababu alichosema ndo wanachoamini vijana karibu wote ninaokutana nao. Kwao kila kitu kiko "kwenye mtandao", kompyuta ni dirisha tu la kuchungulia, ukivunja dirisha unanunua lingine, mandhari ipo palepale. Hilo ndo limeniuma kuliko hata folda zenyewe, na ndo maana naandika usiku huu.

Maana mimi Usenet sikuwa naichungulia. Nilikuwa naivuna. Ukisoma magrupu kwa programu ya barua pepe kuna kitu kinatokea ambacho kwenye brauza hakitokei. Unafungua akaunti ya grupu kama unavyofungua ya imeili, unaweka jina la seva, poti 119 au 563 kama unataka ifungwe kwa usalama, unachagua magrupu yako, basi. Kwanza inashusha vichwa vya habari tu, na kama ni vingi inauliza kabisa, hapa kuna vichwa zaidi ya 500, nishushe vyote au hivyo 500? Programu inayoniuliza kabla ya kula bando langu naiheshimu. Halafu unaliambia grupu fulani lihifadhiwe kwa kusoma bila mtandao, unashusha, unazima modemu. Ujumbe wa Usenet ni maandishi matupu, ujumbe wa kawaida ni KB chache, ukichukua jumbe elfu moja za KB nne nne ni MB nne. Nne! Picha moja ya harusi mliyotumiana leo inaweza kuwa kubwa kuliko hiyo. Na umeme ukikatika, ile laptopu ikiwa na chaji, naendelea kusoma gizani maarifa ya watu ambao wengine wametangulia mbele za haki, na hakuna kinachozunguka kikisema subiri.

Acha nitoe mfano mmoja tu. Kuna mwaka nililetewa TV ya kioo kikubwa cha kizamani, ukiiwasha inasema tik tik tik haiwaki. Nilibadilisha IC ya pawa sapulai, ile UC3842, mara mbili. Nikabadilisha na mosfeti. Tik tik tik. Mwenye TV anapita kila jioni ananisalimia tu, haulizi, na kutokuuliza kwake kulikuwa kunanikondesha. Nikaandika kwenye grupu kwa Kiingereza changu hichihichi. Asubuhi yake nimepata jibu la mzee mmoja wa Uingereza, mrefu, mstari kwa mstari chini ya maneno yangu. Akasema acha IC, angalia kapasita ndogo ya maikrofaradi 47 inayoilisha IC hiyo, imekaa karibu na hitisinki, lile bati la kupoozea, joto limeikausha, IC inaanza kuwaka inakosa chakula inazima, ndo hiyo tik tik. Na kama huna mita ya kupima ESR, yani ukinzani wa ndani wa kapasita, ipulizie kapasita hiyo hewa ya moto kwa drai ya nywele halafu washa, ikiwaka umeshampata mwizi.

Nikaenda saluni ya jirani nikaazima drai. TV ikawaka. Kapasita ya bei ya pipi!

Ule uzi niliusevu siku hiyohiyo, na baada yake zimeokolewa TV na dekoda na chaja sijui ngapi hapa Moshi kwa maneno ya yule mzee. Sasa niambieni, leo nikiuliza swali hilo kwenye grupu la mafundi la kwenye simu nitajibiwa, sikatai, kuna mafundi hodari sana humo na wana moyo. Nitajibiwa kwa voisi ya sekunde arobaini. Kesho zitakuwa zimepita meseji mia nne juu yake, michango ya msiba, heri ya kuzaliwa, video, na keshokutwa atakuja mtu mwingine na tik tik tik yake na wote tunaanza upya. Simu ya mtu ikiibiwa stendi ndo imekwisha. Tunazalisha maarifa kila siku halafu tunayamwaga mtaroni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi tumehamishia mali yetu yote mahali pasipo na daftari.

Kwenye programu ya barua pepe uzi unakaa kama uzi, swali juu, majibu yamejipanga chini yake kama matawi, unajua nani anamjibu nani hata kama majibu yamekuja wiki tatu baadaye. Unabonyeza N unaenda kwenye ujumbe usiousoma, ukikuta uzi wa ugomvi unabonyeza K unanyamaza wote, hauuoni tena. Mtu msumbufu unamwekea filta. Hakuna anayekuchagulia usome nini kwanza. Mimi ndo naamua.

Na hii kitu ilijengwa na watu waliokuwa na shida kama zetu, ndo maana inatutosha vizuri. Tom Truscott na Jim Ellis walipoianza pale Chuo Kikuu cha Duke, 1979 kuelekea 1980, kompyuta zilikuwa zinapigiana simu usiku maana usiku ndo simu zilikuwa bei nafuu, zinapeana jumbe mpya halafu zinakata. Yani bando la usiku! Seva moja inampa jirani yake, jirani anampa jirani, mpaka leo ndo inavyokwenda. Mtu wa Uchagani akiniuliza namwambia ni kama mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, maji yanapita shamba kwa shamba na hakuna mtu mmoja mwenye mfongo wote, ila huku kila shamba likishachukua maji hayapungui, linabaki na yake na jirani anapata yaleyale kamili. Tarehe 25 Agosti 1991 Linus Torvalds aliwaambia watu wa comp.os.minix kwamba anatengeneza mfumo wake kama kujifurahisha tu, na huo ndo Linux ambao leo uko ndani ya kila simu ya Android mnayoshika. Ulitangazwa kwa maandishi matupu, kwenye grupu.

Najua mtakachosema. Magrupu mengi ni makavu sa hivi, ni kweli, kuna niliyojiunga nayo hayana ujumbe mpya mwezi mzima. Kiswahili humo hakuna cha kuhesabu. Picha ya bodi huwezi kuibandika kwenye magrupu ya maandishi, unaweka linki. Na Google walipofunga mlango wao tarehe 22 Februari 2024, kwamba kupitia Google Groups huwezi tena kutuma wala kuona ujumbe mpya wa Usenet, watu wengi walisema basi imekufa. Waliosema hivyo walikuwa wanaingilia kwenye brauza. Sisi wa programu ya barua pepe tuliamka kesho yake magrupu yapo, na kwenye yale ninayosoma spamu ikapungua mpaka raha. Seva za bure za maandishi bado zipo, eternal-september mojawapo, unajisajili unapewa jina na paswedi.

Nimeshafungua akaunti upya. Seva imenirudishia nyuzi za miaka ya karibuni, za zamani hazimo, kila seva ina muda wake wa kutunza na wa hii nimeshaufikia mwisho. Ujumbe wa mzee wa drai sijaupata, nimetafuta siku mbili. Nimeuandika kwa kichwa kwenye daftari la benchi, Kiswahili, na mchoro wa mahali kapasita inapokaa. Profaili mpya nimeikopi kwenye flashi mbili, moja iko droo ya risasi ya kuchomelea na moja mama watoto kaifungia kabatini na vyeti vya watoto.

Jumamosi namkalisha kijana wangu wa benchi nimwonyeshe pa kuweka seva na pa kuliambia grupu lishuke. Ameshaniuliza kama kuna la friji.