Mlenda Uliozima Moto

Mlo wetu wa mboga za pori hufanyika mvua zikishakolea, majani yakiwa bado machanga. Kila mtu huleta alichochuma. Safari hiyo walitarajiwa watu 40, nami nikatangaza mbele za watu: "Mboga niachieni mimi."

Alfajiri nilijaza magunia mawili: mchicha pori, mgagani, mnavu, na kishona nguo kilichokuwa hakijachanua (kikichanua huzidi uchungu, na mbegu zake hurudi nyumbani na suruali yako). Nilichuma ncha tu, zile zinazokatika kwa ukucha. Kilichoshinda ukucha kitashinda na meno. Kando ya barabara na jalalani sikugusa, maana mchicha hauchagui, hufyonza hata madini ya risasi. Kisha nikachambua jani kwa jani, kwa sababu mnanaha mchanga hupenda kujichomeka katikati ya mboga, nao ni sumu. Ukiufikicha unanuka vibaya. Jani nisilolijua jina halikuingia sufuriani. Hadi hapo nilikuwa mtaalamu.

Hesabu ndiyo iliyoniumbua. Gunia la majani yasiyoshindiliwa halizidi sana kilo 5, na ukinyofoa vishina, nusu imekwenda. Nilibaki na kilo 5 za majani matupu, wakati kila mlaji anataka gramu 200 mbichi, yaani kilo 8. Sikupima, niliangalia unene wa magunia nikaridhika. Nikashindilia sufuria mpaka kifuniko kikaelea juu, nikageuka kumenya vitunguu. Niliporudi nilikuta kitu mfano wa leso iliyolowa, kimelala chini kabisa. Nilichungulia chini ya meza, nikidhani kuna mwizi.

Ilibaki saa moja. Nyuma ya uzio mlenda pori ulikuwa umestawi, nikaukimbilia, kwa kuwa mlenda hauhesabiwi kwa majani: ute wake hugeuza maji yenyewe kuwa mboga. Huoshwa kabla ya kukatwa, la sivyo ute unaondoka na maji ya kuoshea. Hilo nilifanya. Halafu lita moja ya maji yanayochemka hutosheka na robo kijiko cha chai cha magadi. Nilikuwa na lita 6, basi kijiko kimoja na nusu. Mimi nilitia vijiko vikubwa vitatu ili uive upesi.

Magadi hulainisha majani na kuvuta ute. Yakizidi, majani huyeyuka na ladha inahamia kwenye sabuni. Nami kwa wasiwasi nikawa nakoroga bila kupumzika, na kukoroga nako huongeza ute. Dakika ya kumi upawa ulisimama peke yake. Nilipouinua, sufuria ilitaka kuja nao.

Bibi mmoja akaonja. Akameza kwa imani.

"Mjukuu wangu, hii ya kula au ya kufulia?"

"Ya kula, bibi."

"Haya."

Nikakumbuka kwamba ndimu hukata ute na kuyatuliza magadi. Ni kweli kabisa, ila hutiwa kijiko kimoja kimoja, sufuria ikiwa imeshaipuliwa na ina nafasi juu. Mimi nilimimina kikombe kizima, sufuria imejaa, moto unawaka. Magadi yakikutana na ndimu hutoa gesi. Kwenye maji ya kawaida povu hupasuka likaisha. Kwenye ute halipasuki, linapanda tu. Likapanda taratibu, kijani, kama mgeni rasmi anayeinuka kuhutubia. Likavuka ukingo, likateremka pande zote, likazima moto. Wa kwangu kwanza, kisha wa jirani yangu aliyekuwa anachemsha viazi.

Ile leso iliyolowa tuligawana, kila sahani kijiko kimoja. Mlenda uliosalia ulikuwa umepungua usabuni kiasi cha kulika, lakini kila ulipopakuliwa uzi wake ulivuka meza bila kukatika, kutoka sufuriani hadi kwa mlaji, mpaka bibi yule akaagiza mkasi.

Msimu uliofuata orodha ya majukumu ilipotoka, nililitafuta jina langu kwenye mboga. Nililikuta kwenye viti.