Prokalsitonini haimtaji bakteria

Nikisikia hospitali imenunua mashine ya kupima prokalsitonini kwa ajili ya wagonjwa mahututi, swali langu huwa moja: chupa za kuoteshea damu, yaani za kukuzia bakteria waliomo kwenye damu ya mgonjwa ili watambuliwe, zipo?

Siidharau prokalsitonini. Ni protini ambayo kwa mtu mwenye afya huwa kidogo sana kwenye damu. Bakteria wakiuvamia mwili, tishu nyingi huanza kuimwaga, na kiwango chake hupanda ndani ya saa chache. Watafiti wa Ufaransa walilieleza hilo mwaka 1993, na tangu hapo madaktari wa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) wametamani jibu la haraka, kwa sababu damu ya kuotesha huchukua siku mbili tatu kutoa jina la kimelea na dawa inayokiua. Mgonjwa wa sepsisi, yaani maambukizi yaliyofikia kuharibu viungo vya mwili, ambaye presha yake imeshuka hana siku hizo.

Tatizo ni kile tunachotaka namba hiyo ituambie. Kwa wastani, bakteria wa Gram-hasi kama Klebsiella na E. koli huipandisha kuliko wale wa Gram-chanya; hayo ni makundi mawili makuu ya bakteria, yanayotofautishwa kwa rangi maabara, na mara nyingi dawa zake hutofautiana. Lakini wastani ni wa kundi, na kitandani amelala mtu mmoja. Viwango vya makundi hayo mawili vinaingiliana mno kiasi kwamba huwezi kuchagua dawa kwa kuitazama namba tu. Malaria kali nayo huipandisha. Upasuaji mkubwa na majeraha ya ajali pia. Kwa hospitali za kwetu, hiyo malaria peke yake inatosha kumfanya daktari asite.

Wadenmaki walijaribu kuitumia namba hiyo kuamua lini waongeze dawa kali zaidi. Wagonjwa 1,200 walishiriki, matokeo yakatoka mwaka 2011: hakuna maisha ya ziada yaliyookolewa, na waliofuatiliwa kwa kipimo hicho walikaa ICU muda mrefu zaidi.

Mahali inapofaa kweli ni kwenye kuacha dawa. Uholanzi, mwaka 2016, utafiti wa wagonjwa zaidi ya 1,500 ulionyesha kwamba kusitisha antibiotiki pale prokalsitonini inaposhuka vya kutosha kulipunguza muda wa dawa kutoka siku 7 hadi 5. Vifo havikuongezeka, ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 20, dhidi ya 25 kwa waliotibiwa kwa utaratibu wa kawaida. Uingereza nao, katika utafiti wa wagonjwa 2,760 uliochapishwa mwaka 2024, walipunguza takribani siku moja bila kuongeza vifo. CRP, protini nyingine ya damu na kipimo tulichokizoea zaidi, haikuleta punguzo hilo. Mwongozo wa kimataifa wa sepsisi wa mwaka 2021 unasema jambo lile lile: usiitumie prokalsitonini kuamua kuanza antibiotiki, itumie, pamoja na hali ya mgonjwa, kuamua kuacha.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya watoto waliolazwa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, na bado yananiuma kila nikiyasoma. Kati ya watoto wenye bakteria wa Gram-hasi kwenye damu, asilimia 43.5 walifariki, kwa wenye malaria ilikuwa asilimia 20.2. Kupewa dawa ambayo bakteria wameshakuwa sugu kwayo kulihusishwa na kifo. Watoto wale walikuwa kwenye dripu, wanachomwa sindano kwa saa zake, na dawa haifanyi kazi. Hakuna alama yoyote ya damu ambayo ingelifichua hilo. Lilifichuliwa na kuotesha.

Ndiyo maana nasema pesa ya kwanza iende kwenye chupa, kwenye kabati la joto la kukuzia bakteria, na kwenye mshahara wa mtaalamu wa maabara atakayekuwepo Jumamosi usiku. Muuguzi apewe chupa za kutosha, achukue damu kabla ya dozi ya kwanza, mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa ya mtu mzima, na dozi isicheleweshwe kwa sababu hiyo. Maabara ikusanye majibu na kuiambia kila wodi, angalau mara moja kwa mwaka, ni bakteria gani wanaonekana pale na dawa zipi zimeshashindwa. Hospitali ikishayafanya hayo, inunue mashine ya prokalsitonini, na nitakuwa wa kwanza kuipongeza.