Shemeji wa Mizani

Jamani, nimeondolewa kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi. Sijajitoa, nimeondolewa! Mtu mzima na mvi zangu, naamka nakuta mweka hazina kanifuta. Na harusi yenyewe ni ya mpwa wa mke wangu.

Kosa langu ni kazi. Mimi karani wa mizani, napima malori barabara kuu. Ukishasema mizani, mtu hakusikii tena, anakuhesabia maghorofa. Mwenye nyumba akipandisha kodi ananiambia, "Kwako hii ni hela ya vocha." Fundi gereji ananiuliza Prado nitaileta lini, nami sina hata baiskeli.

Sasa Jumapili kwenye kikao nikakalishwa kiti chenye mto. Wenzangu soda, mimi soda na korosho. Nikajua leo nimekwisha. Ahadi zikaanza: huyu laki, yule laki na nusu, mwingine gunia la mchele. Zamu yangu ilipofika, mwenyekiti, kaka yake mke wangu, akasimama. Kwa wengine hakusimama. "Sasa tumsikilize shemeji yetu wa mizani." Makofi. Katibu akafungua ukurasa mpya.

Nikakohoa. "Laki moja."

Kimya. Mwenyekiti akacheka, "Shemeji ana utani." Katibu akaandika milioni moja, namwona! Nikasema dada, laki. "Laki ngapi?" Moja. Mwenyekiti akawatuliza wajumbe kwamba hiyo ni ya kuanzia.

"Ya kuanzia na ya kumalizia," nikasema.

Shangazi mmoja huko nyuma: "Kwani baba, malori yote yale yanapita bure?"

Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti. Nikawaeleza kwamba sheria ya Afrika Mashariki ya 2016 hairuhusu lori na mzigo wake kuvuka tani 56. Likizidi linalipa faini, risiti inatoka, pesa ni ya serikali. Mori ulishanipanda, nikawasomea na ahadi ya nne ya mwana-TANU, niliyokaririshwa nikiwa na kaptula: "Rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa."

Katibu akainua kalamu: "Hiyo ahadi tuiandike safu ipi, ya taslimu au ya vitu?"

Walicheka mpaka mwenyekiti akashika meza. Mimi nilikuwa bado nimesimama.

Lakini niulize, nchi hii nani mwingine anatimiza masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha la 1967? Kiongozi asiwe na hisa: sina. Asiwe na mishahara miwili: huo mmoja wenyewe unaishia tarehe kumi. Asiwe na nyumba ya kupangisha: mimi ndiye napangishwa! Wenye Azimio walikwenda Zanzibar mwaka 1991 wakalegeza kamba ya masharti hayo, mimi bado nimebanwa, na wala sikuwahi kuwa kiongozi wa chochote.

Na msidhani siumii. Dereva anakunja noti ndani ya karatasi za mzigo, ncha nyekundu inachungulia, na nyumbani LUKU inalia, ada ya mtoto haijalipwa. Namrudishia. Unajua anafanya nini? Anaongeza! Namrudishia tena, ananitukana, eti nina tamaa. Tamaa! Mimi! Nyuma yake malori yanapiga honi, na bosi anauliza foleni ya nini.

Mke wangu tangu Jumapili ananisemesha kupitia watoto: "Mwambie baba yako chai ipo."

Na laki yangu hiyo waliyoidharau, mnajua inakwenda wapi? Kwenye droni. Harusi ni ya ukumbini, kuna dari. Itapiga picha nini, feni? Bado ndafu. Mbuzi wa watu kachomwa mzima, kabanwa majani mdomoni, anazungushwa ukumbini kwa muziki kama mgeni rasmi, halafu anaishia meza kuu. Harusi iliyopita sisi wa meza za nyuma tulipata sikio, na tulikuwa watu kumi.