Bakteria wa matopeni, na swali la hela

Ndugu zangu wa Dar wakiniuliza Uingereza wametupita wapi, siku hizi naanza na bakteria.

Wapo bakteria wanaofyonza chuma kilichoyeyuka majini na kukigeuza, ndani ya miili yao, kuwa chembe za sumaku asilia, magnetaiti. Chembe moja ina nanomita 35 hadi 120 hivi, na milimita moja tu ina nanomita milioni. Zinajipanga mstari, na mstari huo, ukifuata nguvu ya sumaku ya dunia kama sindano ya dira, unamwelekeza bakteria chini, kwenye tope lenye oksijeni kidogo anakopenda kuishi. Mtaliano Salvatore Bellini aliandika habari zao mwaka 1963. Mmarekani Richard Blakemore akazitangaza mwaka 1975. Hakuna aliyepata utajiri kwa hilo.

Wajapani wakaja kutambua protini inayowasaidia kuzitengeneza chembe hizo, Mms6. Mwaka 2012, hapa Leeds ninapoishi, timu ya Sarah Staniland wa chuo kikuu ikishirikiana na wenzao wa Tokyo ikaipaka protini hiyo juu ya dhahabu kwa mpangilio wa bao la drafti, ikatumbukiza kwenye maji yenye chuma, ikapasha moto hadi nyuzi 80. Sumaku zikaota pale pale penye protini. Kila mraba ulikuwa na mikromita 20, yaani nanomita 20,000, bado mkubwa mno kwa diski ya kompyuta, inayohifadhi data kwa sumaku ndogo sana. Lakini fikiria: sumaku za kuhifadhia data zinaota zenyewe, kwa joto lisilofika hata la maji yanayochemka!

Sasa turudi kwetu. Bakteria hawa wapo katika matope ya maziwa na ya pwani sehemu nyingi duniani, na sioni kwa nini mikoko ya Kunduchi iwakose. Wa Leeds wengi huogelea kuelekea kaskazini, maana huku nguvu ya sumaku ya dunia inainama chini upande huo. Wa kwetu, kwa kuwa Dar iko kusini mwa ikweta ya sumaku, mstari ambapo nguvu hiyo hailali chini upande wowote, nategemea wengi waelekee kusini, maana huko ndiko kunakowashusha. Kuwanasa si kazi ya mamilioni: tope na maji yake kwenye chupa, sumaku ubavuni, subiri, vuta tone, tazama kwa hadubini.

Na mikono tunayo. Fundi simu wa Kariakoo anabandua aisi, yaani chipu ya simu, ndogo kuliko punje ya mchele huku akichungulia hadubini, kisha anairudisha na simu inawaka. Mikono ile naiheshimu sana. Kinachoniuma ni kwamba fundi huyo na mwanafunzi wa baiolojia hawakutani popote. Huku mtu wa fizikia na mtu wa bakteria wanagawana meza moja ya maabara, wanabishana hadi chai inapoa.

Tena huku mtu anaruhusiwa kuuliza jambo lisilo na faida bado. Kutoka Blakemore hadi lile bao la dhahabu ni miaka 37. Kwetu kijana anaulizwa wiki ya kwanza: "Hiyo itakupa hela?" Naielewa familia inayouliza, kodi ya chumba Mbagala haingoji utafiti. Ila chuo kikuu nacho kikiuliza hivyo hivyo, nani atabaki wa kuchungulia tope?

Sisi wa ughaibuni tunatuma viatu na simu. Tutume na hadubini zilizotumika. Mwalimu wa baiolojia wa Kunduchi au Mbweni anayetaka kujaribu na wanafunzi wake aniandikie. Sumaku na vioo vya hadubini nitatuma mimi.