Gari Likiruka, Usilaumu Gia Boksi

Ukipanda matatu ya Malindi kwenda Mombasa, dereva utamjua kabla hamjafika Gede. Kila gia ikibadilishwa vichwa vinakwenda mbele vinarudi nyuma, na makanga anakwambia gia boksi imechoka. Mimi sikubali. Mara nyingi gia boksi haina kosa lolote; ni klachi, ile pedali inayotenganisha injini na magurudumu, iliyoachiwa kabla viwili hivyo havijapatana mwendo.

Chukua gari dogo la gia tano, liko gia ya tatu kwenye kilomita 40 kwa saa. Injini inazunguka kama mara 2,000 kwa dakika. Ukirudi gia ya pili kwa mwendo huohuo, inatakiwa izunguke karibu 2,800. Lakini ukishakanyaga klachi bila kugusa pedali ya mafuta, mizunguko inaporomoka hadi chini ya 1,000. Klachi ikiachiwa hapo, magurudumu ndiyo yanayoiburura injini ipande, na abiria wanagonga viti vya mbele. Dawa yake ni kugusa mafuta kidogo klachi ikiwa bado chini, injini ipande, ndipo uachie.

Kupanda gia ni kinyume chake: injini inatakiwa ishuke, kwa hiyo haraka haisaidii. Achia mafuta huku ukikanyaga klachi hadi chini kabisa. Toa gia, pumzika kidogo kwenye nyutro, kisha isukume kwa kiganja bila kuikaba. Inua mguu mpaka klachi ianze kushika, tulia hapo kama nusu sekunde, malizia huku ukiongeza mafuta. Gari la petroli hubadilishwa gia injini ikizunguka kati ya mara 2,000 na 2,500 kwa dakika. Dizeli mapema zaidi. Ukimaliza, ondoa mkono kwenye gia. Kuuweka pale kwa madoido kunakandamiza uma unaosukuma gia, na unalika bure.

Kwenye matuta, gia ya pili inatosha mara nyingi. Anayelazimisha ya kwanza gari likiwa bado linatembea anazila pete za shaba za sinkronaiza, kile kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. Na wale wanaotia nyutro wakiteremkia daraja la Kilifi ati waokoe mafuta: gari la injeksheni, yaani lenye mafuta yanayopulizwa kwa kompyuta, likiwa ndani ya gia, mguu ukiwa nje ya mafuta, hukata mafuta lenyewe. Kwenye nyutro injini inaendelea kunywa, tena breki zinabeba mzigo wote peke yake.

Mchanga wa Mambrui una sheria yake. Chagua gia kabla ya kuingia, mara nyingi ya pili, na usibadilishe katikati. Ile sekunde moja ya klachi chini inatosha gari kuzama.

Sasa, gia ikikwaruza kweli? Ikiwa ni gia moja tu, shuku sinkronaiza ya gia hiyo. Zikiwa zote, pamoja na rivasi, anzia kwenye klachi: mafuta ya klachi yenyewe yamepungua, kuna hewa kwenye bomba, au kebo imelegea. Rivasi peke yake si ugonjwa, kwa sababu magari mengi hayana sinkronaiza hapo. Kanyaga klachi, hesabu mpaka tatu, ndipo uingize. Na fundi akitaka kubadilisha oili ya gia boksi, soma kopo kwanza. Kitabu cha gari kikisema GL-4, ambacho ni kiwango cha oili ya gia, usikubali GL-5, maana baadhi yake huila ile shaba ya sinkronaiza.