Wageni 9, Sahani 47

Jamani, hebu nisaidieni. Mtu kaalikwa. Hakuruka ukuta wala hakupita mlango wa jikoni, kaalikwa kwa heshima zake na mtu anayemjua, kapewa akaunti ya tovuti ya torenti, ile ya watu kugawana mafaili kompyuta kwa kompyuta, kaambiwa humu sheria kubwa ni moja: ukichukua, nawe ugawe. Gigabaiti moja ikiingia, moja itoke. Hata mtoto wa Bwaise mwenye kabalagala mbili, vile vikate vya ndizi, mkononi anaielewa sheria hiyo. Lakini mufere wetu, yaani tapeli kwa lugha ya mtaani Uganda, siku ya tatu tu, tayari anatafuta programu ya kudanganya.

Na kabla hamjaniuliza tunagawana nini humo: Linux, ndugu zangu. Linux na mahubiri. Tuendelee.

Mimi kinachoniudhi si wizi. Kinachoniudhi ni wizi usiojua hesabu. Traka ya torenti, ile seva inayowakutanisha wagawaji na wachukuaji, haioni data ikipita. Data inatoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Traka ni karani tu na daftari lake. Kila baada ya dakika 30 hivi programu yako inampigia ripoti: nimepakia kiasi hiki, nimepakua kiasi hiki, nimebakiza hiki. Ndivyo ilivyo tangu Bram Cohen alipoileta BitTorrent mwaka 2001, karani anaamini mdomo wako. Mufere akiligundua hilo anaona kaokota almasi. Anatafuta programu ya kumdanganya karani, anaandika namba anayoitaka, halafu analala usingizi wa mfalme.

Sasa tazama. Faili moja la GB 4. Watu 9 wamelichukua lote. Tisa mara nne ni 36, hesabu ya darasa la nne, hata kikokotoo usikiwashe. Maana yake GB zilizotoka kwa wagawaji wote, ukizijumlisha, hazitapita 36 kwa mbali, maana kila kilichotoka kwa mmoja lazima kiwe kimeingia kwa mwingine. Yeye peke yake kaandikiwa amepakia GB 188! Ni harusi ya wageni 9, mpishi anadai amepakua sahani 47 na zote zimeliwa. Zimeliwa na nani? Na maharusi wenyewe hawakula?

Kuna mwingine ambaye hata mgeni mmoja hana. Faili halina mchukuaji tangu juzi, wote ni wagawaji wamekaa wanatazamana kama boda stejini wakati wa mvua, lakini yeye uwiano wake, alichopakia ukigawa kwa alichopakua, unapanda. Unapanda na nini? Upepo?

Halafu mwendo. Laini yako inapandisha Mbps 2, sawa. Hiyo ni kama GB 21 na nusu kwa saa 24, usile, usilale, wala mtu mwingine nyumbani asiguse intaneti. Bwana mkubwa anaripoti GB 300 kwa siku. Ili azifikishe anahitaji karibu Mbps 28 za kupandisha, mfululizo, mchana na usiku, tena kwa modemu ya simu iliyofungwa dirishani kwa mpira. Na namba zake zimenyooka! Kila nusu saa inaongezeka ileile, utadhani mshahara. Upakiaji wa kweli una mabonde na vilima: mtu kaingia, mtu katoka, mtu bando limeisha.

Ukiacha hesabu, kuna mavazi. Kila programu ya torenti ina kitambulisho cha baiti 20, na mwanzoni huandikwa jina lake kwa kifupi: -qB ni qBittorrent, -TR ni Transmission, -DE ni Deluge, halafu namba ya toleo. Lakini ombi lenyewe linapofika kwa traka linajitambulisha kwa mara ya pili, kwenye kichwa chake. Mufere anabadilisha pa kwanza, pa pili anasahau. Kwa hiyo huku anasema yeye ni qBittorrent, kule anasema ni Transmission. Huyo kavaa kofia ya polisi na suruali ya zimamoto, miguuni kandambili, na bado anataka apigiwe saluti.

Na asipokosea mavazi, anangojewa kwenye hodi. Msimamizi anaweka kompyuta yake humo kama mchukuaji, mlango wazi, anasubiri. Mgawaji wa kweli, hata kama mlango wake mwenyewe umefungwa, programu yake itatoka kubisha hodi na kutoa vipande. Programu ya uongo haibishi popote, maana haina cha kutoa. Saa mbili, saa tano, kimya, na daftarini ameandika amegawa GB 10.

Ndugu yake wa pili ni mzimu. Huyu anachukua bila kumwambia karani kabisa: anachota anwani za wagawaji, anawaendea moja kwa moja, anakula, anafuta mdomo. Au anamwambia traka kwamba faili analo lote, hana alichobakiza, wakati hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliwahi kulichukua. Mzimu ana dhambi mbili, maana ndiye anayemfanya mgawaji mwaminifu aonekane mwongo: kagawa kweli, lakini aliyepokea hayumo daftarini. Kwa hiyo adimini mwenye busara hamfukuzi mtu kwa faili moja. Anatazama mafaili ishirini, thelathini. Bahati mbaya hairudii hivyo.

Na hapa ndipo nataka kulia kwa ajili yetu sisi wa Uganda, maana kwa macho ya adimini aliyekaa Ulaya, sisi wote ni bafere.

Kwanza VPN, programu inayokuonyesha mtandaoni kama uko nchi nyingine. Tulifundishwa VPN na ile kodi ya mitandao ya shilingi 200 kwa siku ya Julai 2018. Kodi ikaondolewa mwaka 2021 ikaletwa ya asilimia 12 kwenye bando, na Facebook nayo ikafungwa Januari mwaka huohuo, basi simu nyingi zinaamka na VPN na kulala nayo. Asubuhi uko Uholanzi, saa saba mchana uko Singapore, jioni umekaa kwenye foleni ya Jinja Road uko Kanada. Adimini anaona akaunti moja katika nchi tatu kabla ya chakula cha usiku. Kwake hiyo akaunti imeuzwa. Chagua nchi moja ubaki nayo, au itoe programu ya torenti nje ya VPN, na uwaandikie wasimamizi mapema. Ukijieleza baada ya kufungiwa, maneno yaleyale yanakuwa utetezi wa mwizi.

Pili, anwani. Anwani za IP hazimtoshi kila mteja wa simu, kwa hiyo wateja wengi hufungwa nyuma ya anwani moja ya nje. Wewe wa Ntinda na mtu usiyemjua wa Kawempe mnaonekana mmekaa kiti kimoja, akaunti mbili, na akaunti mbili ni marufuku. Ingia kwenye ruta yako, soma anwani ya upande wa nje. Ikianza na 10, au na 100 ikifuatiwa na namba kati ya 64 na 127, basi uko kwenye hicho kiti. Ubaya wake mwingine ni kwamba hakuna anayeweza kukubishia hodi, ni wewe tu wa kutoka, ndiyo maana uwiano wako unatambaa. Bakiza mafaili mengi, muda mrefu, au kodi seva nje kama sheria za humo zinaruhusu. Lakini programu ya kudanganya, hapana.

Tatu, umeme. Umegawa dakika 29, giza. Ripoti ya dakika ya 30 haikwenda. Jasho la dakika 29 limepotea, na aliyechukua kwako kaandikiwa kachukua kutoka hewani. Hili silijui nimlalamikie nani, naliweka hapa tu.

Wauza mialiko sasa. Hawa hawahitaji hata kompyuta. "Ssebo, mwaliko umebaki mmoja tu, watu watatu wananisumbua, tuma mobile money sasa hivi nikuwekee." Ukituma, unaletewa kiungo chenye jina la tovuti lililokosewa herufi moja, ukiandika barua pepe na neno la siri umewakabidhi. Au unaletewa namba ya mwaliko iliyokwisha kutumika. Au unaambiwa ipo ada ya kuiamsha akaunti. Akaunti si mgonjwa, ya kuamshwa kwa nini? Kama ushahidi anakutumia picha ya skrini ya uwiano wake. Ukiibofya namba kwa kulia kwenye kivinjari unaibadilisha upendavyo, piga picha, tuma. Ila na hapo hesabu inawashinda: amejiandikia amepakia TB 3.2, amepakua GB 410, ambayo ni uwiano unaokaribia 8, lakini chini yake pamebaki 1.07. Kuna barabara moja mjini hapa Kampala, mnaijua, ile ya vyeti bandia, ambako hata kazi ya namna hiyo hufanywa kwa heshima zaidi.

Na ukiuziwa mwaliko wa kweli ndiyo balaa. Kila mwaliko una mti: nani kamwalika nani. Wasimamizi wenyewe hujifanya wanunuzi. Wakimpata muuzaji wanakata tawi zima, na wewe ukiwa jani juu yake. Akaunti kuukuu ya kununua ndiyo usiguse kabisa, maana mwenyewe anairudisha kwa barua pepe yake ya zamani, halafu anamuuzia mwingine.

Mambo ya filamu sitayakalia. Ikiandikwa "sauti ya asili", ukifungua ukamsikia VJ, yule mtafsiri anayesimulia juu ya filamu, anacheka kwa Kiganda, umejua. Faili la filamu likiishia na .exe, usifungue chochote.

Lakini muziki, hapana, hapo nitakaa. Mtu anachukua MP3 ya kbps 128 iliyopita simu kumi, anaigeuza FLAC, aina ya faili isiyopunguza sauti, anaandika "ubora wa CD". Ukubwa hautakusaidia, maana FLAC hiyo inanenepa vizuri tu, hata MB 20 kwa wimbo wa dakika nne uliokuwa na MB 4. Ifungue kwa Spek, programu inayochora masafa ya sauti, utazame mchoro. Sauti ya CD inaweza kufika kHz 22 hivi. MP3 ya 128 imekatwa kwenye kHz 16, pamenyooka kama ndizi iliyopigwa panga, juu yake weusi mtupu. Ya 320 hukatwa kama kwenye 20. Ila taratibu! Kadongo kamu, ule muziki wa gitaa wa Waganda, ya kaseti nayo haifiki juu, na haijaibiwa popote. Kaseti haikatwi, inafifia pole pole, na mvumo wa utepe unaonekana hadi juu kama vumbi la Arua mwezi wa pili. Ukimfungia mzee wa watu aliyehifadhi kaseti zake kwa sababu hujui tofauti ya panga na vumbi, mwenye makosa ni wewe.

Basi mufere akishafungiwa, ngoja barua. Hajawahi kuandika barua nyingine: "Adimini, samahani sana, kompyuta alitumia mdogo wangu." Kila nyumba Uganda ina mdogo huyo. Kuosha sahani hajui, kwenda kuchota maji ni mpaka apigiwe kelele, lakini usiku wa manane anaamka mwenyewe kubadilisha kitambulisho cha baiti 20, na bado anasahau kichwa cha ombi.